Chunusi zangu hazijui kama nina mimba

Miaka yote niliyomeza vidonge vya uzazi wa mpango nilijiona mtu mwenye ngozi nzuri. Kumbe nilikuwa na vidonge vizuri tu. Tulipokubaliana na mume wangu kwamba sasa tutafute mtoto, nikaviacha, na mwanzoni hakukuwa na neno. Kisha taratibu taya likaanza kujaa. Sizungumzii vile vipele vinavyotokea asubuhi na jioni umeshavisahau. Hivi vilikuwa vigumu, vimezama chini ya ngozi, havina kichwa cha kuminya, na usiku nikigeukia upande wa kushoto mto ulikuwa unaniumiza. Kimoja kikipona kinaacha doa jeusi linalokaa kuliko kipele chenyewe, na kabla doa halijafifia jirani yake ameshaanza kuvimba.

Kazi yangu ni mapokezi. Mgeni akifungua mlango, cha kwanza kukutana nacho ni uso wangu, na nimeshaijua ile nukta ambayo macho yake yanateremka hadi kidevuni, kisha yanapanda juu haraka kwa adabu. Wengine hata hiyo adabu hawana. Nimeshaelekezwa dawa ya meno, limau, mkojo wa asubuhi na maombi. Maombi nayapokea.

Nieleze kwanza kwa nini uso ulisubiri niache vidonge ndipo uchafuke, maana wengi husema ni "sumu zinatoka mwilini". Hakuna sumu inayotoka. Vidonge vyangu vilikuwa vya homoni mbili, estrojeni na projestini. Estrojeni hiyo hulifanya ini litengeneze kwa wingi protini inayoikamata testosteroni iliyo kwenye damu. Ndiyo, sisi wanawake nasi tunayo testosteroni, kidogo, lakini inatosha kuziamsha tezi za mafuta usoni. Ikishakamatwa haifanyi kazi, tezi zinatulia, na wewe unajisifia ngozi. Ukiacha vidonge, protini ile inapungua, testosteroni inabaki huru, mafuta yanarudi, vitundu vya ngozi vinaziba, bakteria waishio humo wananeemeka, na mwili unajibu kwa uvimbe. Mambo hayo hayaji kwa siku moja, ndiyo maana mtu anaweza kupita miezi akidhani amesalimika. Kwa aliyekuwa na kijiti au sindano ya projestini peke yake inaweza kuwa kinyume kabisa: wapo ambao kijiti ndicho kilichowaletea chunusi, na kikitolewa uso unatulia. Kwa hiyo rafiki yako akikwambia "mimi niliacha na ngozi ikatakata", usimwite mwongo.

Chunusi zenyewe hazikunitisha, nazijua tangu sekondari. Kilichonikwaza ni kwamba kila dawa niliyowahi kuitumia ikanikubali, safari hii niliikuta na onyo la mimba.

Isotretinoini ndiyo kubwa lao. Ni vidonge vya chunusi sugu, vilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1982, na havina mchezo na mtoto aliye tumboni: moyo, ubongo, masikio na uso wake vinaweza kuumbika vibaya. Ndiyo maana huko Marekani, tangu 2006, mwanamke hapewi mpaka aandikishwe kwenye mpango maalumu, apimwe mimba kila mwezi na athibitishe anazuia. Ukimeza kidonge cha mwisho unatakiwa upitishe angalau mwezi mzima ndipo uanze kutafuta. Kwa mwenye chunusi zinazochimba makovu, na ambaye hana haraka ya mtoto, ningemshauri aongee na daktari wake amalize dozi kwanza. Mimi haraka ninayo.

Nyuma yake wako ndugu zake wa kupaka, tretinoini na adapaleni. Zikipakwa usoni, kinachopenya hadi kwenye damu ni kidogo sana, na sijasikia daktari akimtisha mtu aliyepaka kabla ya kujua ana mimba. Hata hivyo mwaka 2018 Shirika la Dawa la Ulaya lilisema zisitumiwe na mjamzito wala na mwanamke anayepanga kupata mimba. Yaani hata sisi tunaotafuta tumo. Retinoli za kwenye seramu za urembo ni za ukoo huohuo, nazo niliziweka kando. Halafu kuna spironolaktoni, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoa maji mwilini na kushusha presha, ambayo huzizuia homoni za kiume na hutuliza sana chunusi za taya. Lakini kuzizuia homoni hizo wakati mtoto wa kiume anaumbika ni hatari kwake, na pia huweza kuvuruga hedhi, kitu ambacho anayehesabu siku hakihitaji. Doksisaiklini na wenzake, antibayotiki za kumeza, hubadilisha rangi ya meno ya mtoto na kugusa mifupa yake.

Hiyo doksisaiklini ndiyo niliyoandikiwa na daktari wa kwanza, tena kabla sijamaliza sentensi. Nilipomwambia natafuta mtoto, akaikata kwa mstari mmoja, akaegemea kiti, akasema basi ngoja uzae kwanza. Ngoja uzae! Kana kwamba tarehe ninayo kwenye mkoba.

Daktari wa pili alikuwa mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Hakuanza na uso. Alianza na, "Mwanangu, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Na huwa inakuja kwa wakati?" Aliuliza kuhusu nywele kidevuni, uzito, vidonge nilivyoacha, mafuta ninayopaka kichwani, kila kitu. Ndipo akavaa miwani, akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole chini ya taya. Kisha akasema jambo ambalo limeniongoza mpaka leo: "Nitakupa dawa ambayo ukinipigia simu kesho ukaniambia, mama, nina mimba, sitakwambia uiache."

Hilo tu. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo shauri lote la chunusi kwa anayetafuta mtoto linapoanzia. Chagua leo utakachoendelea nacho siku mistari miwili ikitokea.

Najua kuna njia nyingine, kwa sababu nilishaipanga kichwani kabla ya kumwona: kupaka tretinoini tangu hedhi inapoanza mpaka yai linapokaribia kutoka, kisha kuisimamisha wiki mbili za kusubiri, hedhi ikija unaendelea. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini yai halifuati karatasi. Linaweza kuwahi au kuchelewa kwa sababu ya homa, safari au kukosa usingizi, na mara nyingi unajua limetoka baada ya kutoka. La pili, dawa hizo zinataka wiki nyingi mfululizo ndipo zionyeshe kazi, na wiki za mwanzo ndizo za kubabuka na kuwaka. Ukipaka wiki mbili na kuacha wiki mbili, unachovuna ni kule kubabuka, kila mwezi upya. Na kuna jambo la saa za mtoto mwenyewe. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga karibu siku ya 28 tangu mimba kutungwa, yaani wiki mbili tu baada ya siku ambayo hedhi ilipaswa kuja. Wanawake wengi wakati huo ndio kwanza wanaanza kushuku. Ndiyo sababu asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, inatakiwa ianze kumezwa ukiwa bado unatafuta. Kama kidonge cha foliki nakimeza kana kwamba mimba ipo, basi na usoni nipake kana kwamba mimba ipo.

Alichoniandikia kilikuwa asidi ya azelaiki, jeli ya asilimia 15. Ipo pia krimu ya asilimia 20. Jina linatisha, lakini ni kitu kinachopatikana kwa asili kwenye nafaka kama shayiri na ngano, na hata kwenye ngozi zetu kuna vijidudu vya jamii ya hamira vinavyoitengeneza. Hupunguza bakteria, huzuia vitundu visizibe, hutuliza uvimbe, na kinachonifurahisha zaidi, huibana ile kazi ya ngozi ya kutengeneza weusi pale ilipoumia. Yaani inashughulika na kipele na doa lake kwa pamoja. Kwa mtu wa ngozi nyeusi kama mimi hilo si jambo dogo, kwa sababu chunusi hupita, doa ndilo linalobaki likipiga gumzo na wageni.

Inawasha, lakini. Wiki za mwanzo, ukishapaka tu, kunakuja mwasho wa kutambaa kwenye mashavu, unataka kujikuna na huruhusiwi. Kwangu uliongezeka nilipopaka kwenye ngozi bado ina unyevu. Sasa nanawa uso kwa sabuni laini isiyo na harufu, nakausha kwa kugusa tu bila kusugua, nakwenda kupanga nguo za kesho, narudi ngozi ikiwa kavu kabisa, ndipo natoa kiasi cha punje ya njegere na kukieneza uso mzima. Uso mzima, si juu ya kipele peke yake. Hili watu hawalipendi, wanataka kutia dawa penye adui. Ila kipele unachokiona leo kilianza kujengwa ndani wiki kadhaa zilizopita, kwa hiyo unapopaka sehemu ambayo ni safi leo unazuia kile cha mwezi ujao. Juu yake napaka losheni nyepesi isiyoziba vitundu, basi. Zamani meza yangu ilikuwa na chupa zinazogongana. Nyingi nimezigawa.

Azelaiki ni dawa ya wavumilivu. Daktari alinionya nisiihukumu kabla ya miezi mitatu, na kweli mwezi wa kwanza sikuona lolote zaidi ya mwasho. Tofauti ya kwanza niliiona kwenye madoa, chunusi zilifuata baadaye.

Kwa vile vipele vikubwa vyenye usaha aliongeza benzoili peroksaidi, na akasisitiza ya asilimia 2.5. Nilidhani ananionea huruma, kumbe imeshapimwa: kwa chunusi zilizovimba, 2.5 hufanya kazi karibu sawa na 10, ila 10 inaunguza na kukausha zaidi. Ikipakwa, kinachopenya ni kidogo, kama asilimia 5, nacho hugeuka asidi ya benzoiki na kutoka kwenye mkojo. Akikuandikia klindamaisini ya kupaka, nayo inakubalika kwa anayetafuta na kwa mjamzito, ila isitumike peke yake muda mrefu, bakteria huizoea; huwekwa pamoja na hiyo peroksaidi. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 kwenye sabuni ya uso pia si tatizo, tatizo ni zile za kubabua ngozi kwa nguvu na kwa eneo kubwa. Mimi ilinikausha nikaiacha.

Jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi yanalitaja kwa herufi ndogo ni kwamba benzoili peroksaidi hung'oa rangi kwenye nguo. Taulo yangu ya bluu ina madoa ya rangi ya chungwa yenye umbo la kidevu. Fulana nyeusi ya mume wangu, ile anayoipenda kulalia, ina baka begani, pale kichwa changu hukaa. Alidhani nimeimwagia jiki. Sasa nina foronya nyeupe, taulo nyeupe, na yeye ana fulana moja ya kulalia ambayo tumekubaliana imeshakufa. Na kwa kuwa tuko wakubwa hapa niseme: zile siku ambazo zamani tuliziita za hatari, ambazo kwetu sasa ndizo siku za kazi, napaka dawa baadaye. Hakuna mahaba yanayostahimili ladha ya benzoili peroksaidi.

Sasa niingie kwenye lile lililonisukuma kuandika, wiki mbili za kusubiri.

Anayetafuta mtoto anajua. Yai likishatoka, hakuna la kufanya ila kungoja, na mtu anayengoja husoma kila kitu. Matiti yakiuma, unasoma. Tumbo likijaa, unasoma. Mimi nilikuwa nasoma kidevu. Nilikuwa na kioo cha kukuza, kile cha kuwekea wanja, na kila asubuhi nilikisogeza nikitafuta kipele kipya. Nikikikuta, siku moja nasema hiki ni cha hedhi, imekwisha habari yetu; siku nyingine nasema hapana, homoni zimepanda, huenda ndiyo yenyewe. Kipele kilekile, tafsiri mbili, kutegemea nimelalaje.

Juu ya hayo watu nao wanasoma. Wifi yangu, ambaye ninampenda na sina ugomvi naye, alifika nyumbani siku moja, akaniangalia akiwa bado na mkoba begani, uso ukamchangamka. "Wifi! Mbona uso umebadilika hivyo? Ndiyo mambo tayari nini?" Akaongeza kwamba yeye mimba ya binti yake ilimharibu uso vivyo hivyo, kwamba watoto wa kike huwanyang'anya mama zao urembo. Hedhi yangu ilikuwa imeanza asubuhi ile. Nikamwambia, "Bado, wifi, ni chunusi tu," nikaenda kumwekea maji, nikakaa jikoni muda kuliko maji yanavyohitaji.

Ile habari ya binti kunyang'anya urembo haina ukweli wowote, acha tuipishe. Lakini hata hili la kusoma uso halina mantiki ukilitazama kwa siku. Yai likitoka, mwili hutoa projesteroni kwa wingi, mimba iwe imetungwa au haijatungwa. Kiinitete, kama kipo, kinasafiri kwanza. Hujishikiza kwenye mfuko wa uzazi kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka, mara nyingi siku ya 8 hadi ya 10. Kabla hakijajishikiza hakijaipeleka kwenye damu yako ile homoni inayosomwa na kipimo. Kwa hiyo kipele cha siku ya tatu hakiwezi kuwa habari ya mimba, kwa sababu habari yenyewe haijatumwa. Na ule uvimbe wa taya wa wiki moja kabla ya hedhi huwapata wanawake wengi sana wenye chunusi, wanaotafuta na wasiotafuta. Vilevile kutokuwa na kipele si ishara ya lolote. Ukimeza au kuwekewa projesteroni na kliniki ya uzazi, ndiyo kabisa usihesabu, maana dawa yenyewe inaweza kuuchafua uso.

Nilipolielewa hili kwa siku na si kwa kuambiwa "usiwe na mawazo", nilitulia kidogo. Kile kioo cha kukuza nilimpa mdogo wangu. Nina kile cha kawaida cha bafuni, ambacho kwa umbali wa mkono kinaonyesha uso jinsi watu wengine wanavyouona, na kwa umbali huo mambo si mabaya kiasi hicho.

Kuna mahali pamoja tu ambapo chunusi zinaweza kuwa na habari ya uzazi, nayo si habari ya mwezi huu. Ni PCOS, ile hali ambayo ovari hutoa homoni za kiume kupita kiasi na mayai hayatoki kwa mpangilio. Huwagusa wanawake wengi, takriban mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajijui. Kama chunusi zako za taya zinakuja pamoja na hedhi inayopita siku 35 au inayoruka miezi, nywele nene kidevuni na chini ya kitovu, nywele za kichwani zinazopungua utosini, usiishie kwa daktari wa ngozi. Nenda kwa daktari wa wanawake ukapimwe, kwa sababu hapo krimu itakupotezea muda ambao mfuko wa uzazi unauhitaji. Na PCOS si hukumu. Zipo dawa za kulichochea yai litoke, letrozoli ndiyo inayotangulizwa siku hizi, na wengi wanazaa. Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya maswali ya yule mama. Mimi hedhi yangu ni ya mpangilio na vipimo havikuonyesha tatizo hilo, lakini nilishukuru kuulizwa.

Mambo madogo aliyoyagundua kwenye mkoba wangu, kwani alitaka nimtolee kila ninachomeza: nilikuwa na vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi. Akaniambia niache siku kadhaa kabla ya kupima damu. Bayotini ikiwa nyingi mwilini inaweza kuipotosha mashine ya maabara, ikatoa majibu ya uongo ya tezi ya shingo na ya homoni nyingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2017. Hebu fikiria kutibiwa tezi ambayo ni nzima kwa sababu ya kidonge cha kucha. Akaangalia pia kopo la vitamini za wajawazito kuona vitamini A imewekwa kwa sura gani, kwa sababu ile ya aina ya retinoli ikizidi sana, yaani zaidi ya mikrogramu 3,000 kwa siku, nayo ni hatari kwa mimba. Yangu ilikuwa ya beta-karotini, ambayo mwili hujigeuzia kadiri unavyohitaji. Na mafuta ya nywele: vile vipele vidogovidogo vya kwenye paji la uso havikuwa na uhusiano na homoni wala mtoto. Nilikuwa napaka mafuta mazito kwenye nywele za mbele, nalala, yanateremka. Nimehamishia kwenye ncha za nywele, paji limesafika.

Madoa nayo yana majaribu yake. Ukiwa na uso wenye mabaka na kazi ya kukaa mlangoni, mtu akikuletea kikopo kisicho na maandishi akakwambia "wiki moja tu", mkono unataka kupokea. Hapo nitakuwa mkali. Mikorogo ya namna hiyo mara nyingi ina haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki, au vyote. Haidrokwinoni hupenya kwenye damu kwa wingi kuliko dawa nyingi za kupaka, zaidi ya theluthi ya ulichopaka, ndiyo maana huepukwa wakati wa mimba. Steroidi itautakasa uso wiki mbili kisha ikuletee chunusi mpya za aina yake, ngozi ikonde, na ukiiacha uwake moto. Zebaki huharibu figo zako na ubongo wa mtoto, na hukaa mwilini. Dunia ilikubaliana kuibana kwenye Mkataba wa Minamata wa 2013, vipodozi vikiwemo, lakini bado vinazunguka. Kama ulikuwa unatumia, mwambie daktari kabla ya kushika mimba, bila aibu. Ameshawaona wengi.

Kwangu kinachofanya kazi kwenye madoa, mbali na ile azelaiki, ni kinga ya jua kila asubuhi, ya zinki oksaidi, yenye rangi ya ngozi. Ile rangi si urembo tu. Ni oksidi za chuma, na hizo huzuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi nyeusi nao huyakoleza madoa. Zinki isiyo na rangi ilikuwa ikiniacha na uso wa kijivu, mgeni mmoja akaniuliza kama naumwa.

Hali ya sasa ni hii. Mimba bado. Daktari wa wanawake ametuambia kwamba katika kila wanandoa 100 wanaotafuta, zaidi ya 80 hufanikiwa ndani ya mwaka, kwamba kwa umri wangu mwaka ndio wa kungoja kabla ya vipimo vikubwa, na ningekuwa nimefika 35 angesema miezi sita. Mume wangu naye atapimwa, hilo nimeliweka wazi mapema. Chunusi za kuzama zimepungua sana. Wiki ya kabla ya hedhi bado hutokea moja au mbili, nazibandika plasta zile ndogo za uwazi ili nisiziguse nikiwa kazini, jioni zinapata peroksaidi yake. Yapo makovu mawili shavuni yaliyobonyea, ambayo hakuna krimu itakayoyajaza. Yanataka sindano na mashine, na yule mama amesema tusiyaguse sasa, tuyafanye baada ya kuzaa na kunyonyesha. Nimemwambia ayaandike kwenye faili langu, ili siku hiyo nisianze kumweleza upya.